Kidonge Ndani ya Tende

Mwaka ule wa vita, homa ya mbu ilimwangusha mwanangu Muhdhar, mchukuzi wa bandarini Mbaraki, mtu wa gunia kila bega. Daktari alinipa vidonge vya kwinini. Sindano, alisema, zimekwenda kwa askari.

"Asipomeza leo, mama, hatafika kesho."

Homa ilikuwa imeshampanda kichwani; alituona sote maadui. Mkewe, Mwanaesha, alipomsogezea kidonge, Muhdhar alimpiga kofi lililomtupa mpaka mlangoni, pua inachuruzika damu. Nikawaita Jaffar, muuza nguo jirani yetu hapa Kuze, na nduguye Latif. Latif akamkalia miguu. Jaffar akampanda kifuani, akamrudisha kichwa nyuma, akambana pua, kama mbuzi anyweshwavyo dawa.

"Meza, bwana. Mwanamume mzima unashindwa na kitu kidogo kama dengu?"

Muhdhar akamuuma kidole mpaka mfupa ukalia. Jaffar, kwa uchungu, akampiga ngumi ya mdomo. Jino likang'oka, kidonge kikaingia njia ya pumzi. Uso wa mwanangu ukageuka rangi ya nili. Nikamgeuza, nikampiga mgongoni kwa ngumi zangu zote mbili, nampiga kama ninayetwanga, hadi kidonge kikatoka na damu.

"Mwacheni," nikasema. "Mtaiwahi homa kumuua."

Nikatoa kokwa ya tende, nikatia kidonge mahali pake. Muhdhar aliipokea, akatafuna, nasi tukashusha pumzi. Mara ulimi ukazunguka, akatema. Kidonge kikampata Latif jichoni.

"Huyu mgonjwa ana shabaha, Bi Mwanakhamis," Latif akasema, akijifuta.

Ujinga ulikuwa wangu. Kinywa kilicholelewa kwa tende hakingoji akili kutema kokwa.

Basi nikachukua halwa, kitu kisicho na kokwa wala kutafunwa sana, nikakizika kidonge katikati ya tonge dogo, nikalipaka samli. Lakini sasa meno yalikuwa yamekazana. Mwanaesha akaleta kijiko cha chuma tuyabandue. Nikamkatalia. Nikampakata mwanangu, kidevu nikakiinamisha kifuani, nikamnong'oneza kama alipokuwa mdogo:

"Kitendawili."

Kope zikacheza tu.

"Kitendawili, baba."

"Tega," akasema, na mdomo ulipofunguka nikatia halwa.

"Nina mgeni hakubisha hodi, kalala kitandani mwangu, anawapiga watu wangu."

Akafikiri. Jaffar akawa tayari na mikono, damu inamtona kwenye kanzu. Nikaona koo la Muhdhar likipanda, likishuka.

"Sijui," akasema.

"Nipe mji."

"Chukua Mombasa."

Nikapitisha kidole ndani ya mashavu yake na chini ya ulimi, Jaffar akageuza uso asione. Hamkuwa na kitu.