Wari Nne na Nusu

Kwenye chumba cha kukatia filamu walimwita Mikasi, na jina lilimkaa. Miaka mitatu ya vita alikuwa akikata na kuunga picha za kupelekewa askari walioko mstari wa mbele: kwanza dakika nane za habari, halafu kichekesho cha yule mpishi mnene anayekimbizwa na bata. Habari ziwape moyo, bata awape usingizi. Ndivyo alivyosema Mkuu wa kitengo, mtu ambaye hajawahi kushika hata bunduki ya kuchezea, lakini tuyaache hayo.

Wiki ile picha zilizofika zilikuwa majonzi matupu: matope, machela, na watu wasiotaka kuitazama kamera. Mkuu alizipitia, akakunja uso.

"Toa hizo. Tia kitu cha kuchangamsha."

"Kipya hakuna, bwana."

"Tafuta kabatini. Nani atajua?"

Mikasi akavuta kopo la filamu la mwaka jana, askari wanaoga bombani. Hakutazama nyuso, kwenye utepe uso wa mtu ni kama punje ya dengu. Alitazama urefu. Alipima kama walivyopima wote pale, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya vidole: wari nne na nusu, sekunde tisa. Akaunga, na mbele yake akatanguliza maandishi yale yale ya siku zote: WIKI HII.

Jumamosi alasiri, kabla makopo hayajafungwa, ilikuwa desturi jamaa za wafanyakazi kuingia kutazama maonyesho ya majaribio bure. Alikuja dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada alikuwa na mtoto mmoja tu, askari, na barua ya jeshi ya miezi miwili iliyopita ilikuwa na mstari mmoja: hajulikani alipo. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, maneno hayatoki. Mikasi alimleta kwa ajili ya yule bata, angalau acheke.

Hata bata hajafika, maji yalimwagika kwenye pazia la sinema, na kijana mmoja akamwagia mwenzake ndoo kichwani, akageuka, akacheka meno yote nje.

"Mwanangu!" Dada alisimama. "Jamani, mwanangu huyo! Wiki hii! Mzima!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu wasiomjua walimkumbatia. Mikasi alikaa pale pale. Mtoto wa dada ni mtoto wako, mkono wake ulimpima kwa wari, na hakumtambua!

Aseme? Jumapili Dada alifua mashuka ya kitanda cha mtoto. Jumatatu alipaka rangi mlango wa chumba chake, akiimba. Siku hiyo hiyo makopo yakapelekwa vitani, ambako askari wangewaona wenzao waliowazika wenyewe wakioga wiki hii.

Jumanne Dada akafika getini na akina mama watatu wa mtaani, wenye barua za mstari mmoja kama yake. Kila mmoja alishika picha ya mwanawe.

"Mdogo wangu atawatafutia," alikuwa akiwaambia. "Wangu kaonekana, wenu watashindwaje?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mikasi iliishia pale getini. Alimshika Dada mkono, akampeleka hadi chumba cha kukatia, akaliweka mezani kopo lile la kabatini, lenye utepe uliobaki. Tarehe kwenye kopo ilikuwa ya mwaka jana, kwa mwandiko wa Mikasi mwenyewe.

"Nisamehe, Dada. Picha ile ni ya zamani. Niliitia mimi."

Dada aliisoma tarehe. Akaisugua kwa kidole gumba, labda itafutika. Haikufutika.

"Uliniona nikifua mashuka."

"Nilikuona."

"Ukanisaidia kuyaanika."

"Ndiyo, Dada."

Mikasi alitamani apigwe kofi. Hakupigwa. Dada aliuvuta utepe kutoka kwenye kopo, akauinua dirishani, akaufuata picha kwa picha huku amekaza macho.

"Yupi wangu hapa?"

Mikasi alimshikia kioo cha kukuzia, akamwonyesha. Dada alimtazama mwanawe muda mrefu kuliko sekunde tisa. Alilia kidogo, kimya kimya, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Haya. Wale pale nje nimewaleta mimi, lakini utawaambia wewe."

"Dada, nitaanzaje?"

"Sijui. Ungejifunza Jumamosi."

Mikasi akatoka. Getini akina mama walipomwona walisimama wote watatu, na wa mbele alikuwa ameshanyoosha picha ya mwanawe.