Chemchemi Iliyohamia Nyumbani kwa Mchungaji

Siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchungaji alimpelekea mama yake chai katika kikombe cha bati, akakuta chemchemi ya msituni imehamia chini ya kitanda. Ilikuwa imekuja na vyombo vyake vyote: jiwe bapa ambalo wanawake walizoea kufulia, majani yake ya kando, na kaa wawili wadogo waliokuwa wakikagua kandambili za mgonjwa. Maji yalichimbuka katikati ya sakafu, yakaenea hadi kizingitini na kukoma hapo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa sebuleni.

"Imefika alfajiri," mama yake alisema, akipokea kikombe. "Haikupiga hodi. Nadhani ilikuwa imechoka."

Mchungaji aliinama, akateka kwa kiganja, akaonja. Aliitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa ameinywa kwa miaka kumi na minane. Mkewe alipoitwa alitazama kutoka mlangoni, akaagiza kwamba watoto wasikimbie humo wasije wakateleza, kisha akaenda kutafuta mkeka wa plastiki.

Chumba hicho kilikuwa na dirisha lililotazama msitu wa kanisa, na kwa sababu hiyo ndicho alichopewa mama. Tangu miguu yake ilipokataa kazi alikuwa amehamishwa mara nne, kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine, kila mara nguo zake zikifungwa katika shuka lilelile. Mchungaji, aliyekuwa kitinda mimba wake, alimpokea na kumwahidi mbele ya mke na watoto kwamba hatahamishwa tena mpaka Mungu mwenyewe amhamishe. Kila jioni waliketi dirishani, mama akitaja ndege aliowaona mchana, mwana akiwaandika katika daftari. Kila mtoto wa nyumba hiyo alikuwa na mti aliozaliwa nao siku moja, akaupalilia mwenyewe. Mahubiri ya mchungaji yalijaa mizizi na matawi hata wazee wa kanisa wakawa wakimtania kwamba ipo siku atabatiza mvule.

Kabla chai haijaisha, msumeno ulisikika kutoka kilimani. Mti ukaanguka. Maji ya chumbani yakapanda kidole kimoja.

Mchungaji alivaa viatu akapanda kilima. Mahali pa chemchemi palibaki shimo kavu, mfano wa fizi iliyong'olewa jino. Mpasuaji mbao, mtu mwenye adabu na vumbi la mbao kwenye kope, alizima msumeno, akavua kofia, akamwamkia. Alieleza kwamba mbao zilikuwa za paa la ukumbi mpya wa usharika, kisha akatoa kibali mfukoni mwa shati. Kilikuwa na muhuri wa kanisa. Chini ya muhuri mchungaji aliona saini yake mwenyewe, pamoja na ule mkia wa herufi ya mwisho aliojizoeza kuupinda mara mbili tangu shuleni.

Ilikuwa desturi kwamba kila Jumamosi, mchungaji alipokuwa akiandika mahubiri, karani wa kanisa alimletea karatasi za wiki: vyeti vya ubatizo, barua za washarika waliohama, vyeti vya ndoa. Karani alizipanga kama karata, kila moja ikichungulia chini ya mwenzake pale mahali pa saini tu. Mchungaji aliweza kusaini arobaini kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukishikilia Zaburi, wala hakuinua macho. Alikuwa akijivunia jambo hilo. Aliliita kuaminiana.

Alirudi nyumbani, akaweka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda.

Kwa wiki tatu misumeno haikupumzika ila Jumapili. Kila mti ulipoanguka, maji yalipanda kidole, na kila baada ya miti michache kitanda kiliongezewa tofali. Mezani mchungaji alikishikilia kijiko hewani, akingoja kishindo, na watoto wakajifunza kutotafuna mpaka kishindo kipite. Aliandika mahubiri akayachana. Aliposikia tawi likikatika kwa upepo tu, alikimbilia chumbani na rula. Mama alianza kukohoa. Muuguzi wa zahanati alikuja, akavua viatu, akasimama ndani ya maji mpaka kwenye magoti na kumpima kifua. Alisema unyevu haumfai, na kwamba mwezi mmoja zaidi wa hali hiyo utakuwa mrefu kwake. Kisha akajaza chupa yake ya maji, akashukuru, akaenda.

Kibali kingeweza kubatilishwa kwa neno moja la aliyekisaini, mradi aeleze kilivyosainiwa. Mchungaji alimwendea karani ofisini. Karani aliweka kalamu chini taratibu.

"Baba Mchungaji, ukisema karatasi hiyo hukuisoma, watu watauliza habari za vyeti vya ndoa zao. Wengine wanangoja kisingizio tu."

Alimwendea pia mwenyekiti wa baraza la wazee, fundi mstaafu aliyeitwa Mzee Kipimo, kwa vile hakuwahi kuonekana bila futi ya chuma mkononi. Mzee huyo alimkaribisha vizuri, akamwonyesha ramani ya ukumbi, akamweleza kwamba paa zuri lataka mbao za mti uliokomaa. Mchungaji alitaja chemchemi. Mzee Kipimo alijibu kwamba amekwisha kusikia, na kwamba ni heshima kubwa kwa nyumba ya mtumishi. Mchungaji akaaga. Alikuwa amewafundisha vijana wa kipaimara kwamba atiaye mkono wake kwenye karatasi ametia na roho yake, na wazazi wao walikuwa wakimnukuu.

Siku ya Ijumaa ya wiki ya tatu mama alimwita. Kitanda kilikuwa juu kiasi kwamba mwana alilazimika kuongea naye akitazama juu, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mimi ndiye ninayekohoa, wewe ndiye unayekonda," mama alisema. "Una nini, baba?"

Alimweleza yote. Mama alisikiliza huku kaa mmoja akipanda taratibu kwenye tofali.

"Sasa unaogopa karatasi au unaogopa watu?"

"Watu, mama."

"Basi waambie Jumapili, wakiwa wameketi. Aliyeketi hana mbio."

Jumapili mchungaji alipiga moyo konde. Hakufungua daftari la mahubiri. Alisimama mbele ya madhabahu akasema kwamba alisaini kibali cha kukata msitu bila kukisoma, kwamba amesaini hivyo kwa miaka kumi na minane, kwamba anakibatilisha kuanzia saa hiyo, na kwamba anaomba msamaha. Sauti ilimtetemeka mara moja, kwenye neno msitu. Washarika walimsikiliza kwa utulivu. Mwanamke mmoja alifuta machozi. Mzee Kipimo alisimama, akamshukuru kwa unyenyekevu wake, akaomba wote waseme amina, nao wakasema. Mlangoni watu walimshika mkono kwa mikono miwili. Hakuna aliyeulizia cheti cha ndoa.

Baraza la wazee lilikutana Jumatatu mchana kulishughulikia ungamo hilo, na kwa haki liliandika kwamba kibali cha zamani kimefutwa. Kisha lilitafakari kwa nini msitu ulikuwa ukihifadhiwa tangu mwanzo. Kumbukumbu zilionyesha kwamba ulihifadhiwa kwa ajili ya chemchemi. Chemchemi sasa ilikuwa salama nyumbani kwa mchungaji, karibu na barabara, ndani ya kuta. Msitu, kwa hiyo, haukuwa tena na kazi. Kibali kipya kiliandikwa na kusomwa kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kosa lile lisirudiwe. Wazee kumi na mmoja waliinua mikono. Mchungaji peke yake alikataa, na kukataa kwake kuliandikwa kwa hati nzuri. Baraza liliamua pia kwamba chumba chenye maji ni mali ya wote, na kwamba mgonjwa apewe stoo iliyo nyuma ya kanisa, ambayo ni kavu.

Jumanne asubuhi watu walijipanga na ndoo kutoka chumbani, kupitia sebuleni, hadi barabarani. Mke wa mchungaji aliwaomba wafute miguu, nao wakafuta. Alimfungia mama mkwe wake nguo katika shuka. Mzee Kipimo alipima mlango, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha yeye na wazee watatu wakambeba mama kitini, kwa uangalifu mkubwa. Mchungaji alitembea kando akishikilia mkono wake. Alitaka kumwambia jambo kuhusu ahadi ile, lakini mama alikuwa na kazi. Foleni yote ilikuwa ikimwamkia shikamoo, naye alimwitikia kila mmoja marahaba, pasipo kumruka mtu.

Wa mwisho alikuwa mpasuaji mbao. Alikuwa na ndoo mpya na kiu iliyoletwa na kazi. Alivua kofia akamwamkia, mama akamwitikia, naye akamuuliza mchungaji kwa upole iwapo maji hayo yananyweka bila kuchemshwa.

Mchungaji alimjibu kwamba yananyweka.