Ukuta Uliopewa Kibali

Usiseme hukumwona. Ulikuwa mtu wa nne nyuma yake kwenye foleni ya geti la mpaka, saa kumi na moja jioni, siku ya kwanza ya mashine ya kusoma vidole, ukainamia simu yako kana kwamba ndani yake kuna kitu kimekufa.

Mwenyewe ni fundi muashi. Walimbandika jina la Timazi, ile kamba ya fundi ya kupimia wima, kwa sababu ukuta alioujenga yeye haukuhitaji kupimwa mara mbili. Ukuta wa mpaka, kuanzia getini hadi nyumbani kwake, ni kazi ya mikono yake kwa miaka sita. Ukuta huo ulipofika kwake, ukuta wa nyuma wa chumba ulivunjwa, na ule wa mpaka ukakaa mahali pake, ukagusana na kitanda cha mkewe. Watu wa mpaka walipokuja kutuajiri sisi mafundi walitupapasa viganja, wakasema hawa ndio tunaowataka, wenye mikono migumu. Mimi sisahau.

Siku ile alikuwa upande wa nje akipiga lipu, na sasa alikuwa anarudi kumwinua mkewe. Mama huyo amepooza upande mmoja. Asipoinuliwa na kugeuzwa, mgongo unachubuka.

Karani wa dirisha la pili akamwambia aweke kidole. Taa ikawa nyekundu.

"Futa kidole, mzee."

Akafuta kwenye suruali. Nyekundu. Akafuta kwenye shati. Vidole vyote kumi vikajaribiwa, na mashine ikaandika kwamba hapakuwa na mtu.

"Nimeshika saruji miaka thelathini," fundi akasema. "Imevila."

"Basi kaidai saruji," mtu mmoja akasema kwenye foleni. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha waliochoka. Na wewe ulicheka.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba sheria inaruhusu shahidi: yeyote anayemjua mwombaji wa kibali cha kupita, mwenye vidole kumi vinavyosomeka, aje ajaze fomu. Mafundi wenzake tulikuja, kumi na saba, na mashine ikasema hapakuwa na mtu mara kumi na saba. Majirani walisema wiki ijayo. Mkewe ana vitano vinavyokunjuka, na mashine haitaki vitano. Timazi akabaki nje, analala kwenye banda la vifaa.

Mvua ya kwanza iliponyesha, alama zikajitokeza kwenye lipu. Zilitokea ndani ya chumba, kando ya kitanda, mistari ya vidole iliyo wazi kama ya mtu aliyechovya wino, mamia kwa mamia. Mahali hapo palikuwa na joto la mwili. Mama jirani, anayekuja kufua anapopata nafasi, alitundika shuka pale na likakauka kabla hajamaliza kufagia.

Wakaja wakaguzi wawili na mashine ya mkononi, wakaikandamiza ukutani. Taa ikawa kijani. Mashine ikasoma jina la fundi, mwaka wa kuzaliwa, kazi, mke mmoja.

Karani alifuata utaratibu. Kibali hupewa aliyesomwa vidole, kwa hiyo ukuta ndio uliopewa: miaka kumi, kuingia na kutoka upendavyo. Mke alikipokea kwa niaba ya ukuta, akaomba kitundikwe kwenye msumari palepale.

Timazi alirudi dirishani.

"Vile vidole ni vyangu."

Karani aliviangalia viganja vyake, laini kama kisosi, akashusha pumzi.

"Baba, huwezi kudai vidole vya mwenzio. Mwenzio keshapata kibali."

Ukazuka ule mjadala mkubwa juu ya ukuta wenye vidole, ulioufuatilia redioni huku unakula. Kundi moja lilitaka ukuta uongezwe kozi tisa, yaani mistari tisa ya matofali. Kundi la pili likasema huo ni ukatili, ukuta upakwe rangi ya kutuliza macho. Wakaafikiana: uongezwe, kisha upakwe. Kazi akapewa Timazi, aifanye akiwa nje, maana ukuta ule haumtii fundi mwingine. Aliikubali. Alisimika jukwaa lake nyuma ya chumba, na kando ya tundu la ukutani lililoshika mti wa jukwaa pakabaki upenyo wa kupitisha sauti.

"Umekula?" mke huuliza.

"Nimekula. Umeinuliwa leo?"

"Nimeinuliwa."

Wote wawili hudanganya, na kila mmoja anajua. Mama jirani ana mgongo wake na watoto wake. Siku nyingine hafiki. Mgonjwa hulala ameegemea ukuta. Vidole vya mumewe viko mgongoni mwake, vina joto, vina kibali. Juzi alisema, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jirani, kwamba kidonda kimefika kwenye mfupa. Ukuta ukazidi joto kidogo. Una vidole, hauna mikono.

Kozi ya saba imekauka. Zimebaki mbili. Kisha jukwaa litashushwa na tundu litazibwa, na atakayeliziba ni Timazi mwenyewe.

Sasa wewe. Siku ile vidole vyako vilisomeka vyote. Nilisikia mlio wa mashine, na nilikuona unapita. Fomu inataka mtu anayemjua. Haya, unamjua. Dirisha la pili linafunguliwa saa mbili asubuhi. Weka simu chini, uende.