Jina Nililompokonya Ngendo

Wodi ya watoto wagonjwa wa akili pale Ruiru ilikuwa na vitanda kumi na viwili na ua wa michongoma. Ilifunguliwa mwaka wa 1953, ikafungwa 1958. Isingefungwa, mimi Kang'ethe ningekufa na heshima yangu ya uongo.

Binti yangu Ngendo alilazwa huko mwaka wa 1954, akiwa na miaka saba. Alikuwa akipiga mayowe bila sababu na kujiuma mikono, na Jumapili moja akavua nguo kanisani huku mimi, mzee wa kanisa, nikisoma Zaburi. Kesho yake nikampeleka. Nilimtembelea mara mbili tu. Siku hizo za hali ya hatari Mkikuyu hakutoka kwetu Thika bila pasi ya serikali, basi nikamwambia mke wangu Wamboi kwamba afisa amenikatalia. Mwongo mkubwa mimi. Tangu ile mara ya pili sikuwahi hata kuiomba.

Mwaka wa 1956 Wamboi alijifungua msichana mwingine. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Jina la nyanya halirudiwi ila aliyelibeba awe amekufa. Mimi nikasema huyu naye ni Ngendo.

"Kang'ethe, unamzika mtoto wangu?" Wamboi aliuliza.

Nikamwambia anyamaze. Majirani wa mtaa wetu wa Makongeni walijielewea wenyewe. Mbithe wa mlango wa pili alileta uji akanipa pole. Nikaipokea, nikashukuru, na uji nikaumaliza.

Kisha ikaja barua: wodi inafungwa, kila mzazi achukue mtoto wake. Safari hii pasi niliiomba, nikapewa siku hiyo hiyo.

Nesi mmoja, Nakhumicha, alinipokea akiwa amekunja uso. "Mzee, huyu alipoa kitambo. Tulikuandikia mara nne."

Zote nne nilizichoma. Ngendo alikuwa amenifika begani. "Baba, umekuja," alisema, na hakuniuliza mbona nimechelewa. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Ndani ya basi nilijaribu. "Mama," nilimwambia, maana ndivyo nilivyomwita kwa kuwa jina ni la mama yangu, "nyumbani kuna mtoto mdogo."

"Anaitwa nani?"

Nikajifanya natazama mashamba ya kahawa.

Wamboi alimkumbatia uani akilia kwa sauti. Majirani wakatoka, Mbithe akashika kifua. Yule mdogo naye akaja mbio, Ngendo akachuchumaa.

"Wewe unaitwa nani?"

"Ngendo."

Alicheka. Kisha kicheko kikamwisha, kwa sababu msichana wa miaka kumi na mmoja anajua majina yetu yanavyokwenda. Akaniinulia macho.

"Baba, mimi nilikufa lini?"

Uongo nilikuwa nao tayari: kwamba hospitali ilituletea habari mbaya kimakosa. Wangeniamini wote. Lakini aliniuliza taratibu, bila hasira, nikaona aibu hata ya kusema uongo.

"Mwaka wa hamsini na sita, mama. Hospitali haikukuua. Ni mimi, kwa sababu nilikuonea haya."

Ngendo alimbeba mdogo wake, akaingia ndani na mama yao. Mbithe akaniuliza kama ule uji wake ulikuwa mtamu.