Dawa Zikae Juu

Secilia ndiye aliyesema dawa zikae juu, siyo chini.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia pwani, na redio ikawa inawahimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Ofisi ya afya ya wilaya ikatakiwa kuandaa mpango wa dharura: ugonjwa ukipanda milimani, wagonjwa walazwe wapi, nani awahudumie, kwa vifaa gani. Kazi hiyo wakapewa watu wawili. Mmoja alikuwa Secilia, nesi, mzaliwa wa kijiji cha Gare. Wa pili alikuwa Fanueli, bwana afya, ambaye pia alikuwa shemeji yake, kwani alikuwa amemwoa Marta, mdogo wake Secilia.

Kikaoni wakubwa walitaka kila kitu kiwekwe stoo mjini, Landrova ipeleke panapohitajika. Secilia akasimama.

"Masika barabara ya Mtae inakatika," alisema. "Kila mwaka udongo unaporomoka, na kila mwaka tunashangaa. Mgonjwa wa kipindupindu anaanza kuhara asubuhi, jioni mnamzika. Huyo atasubiri greda? Dawa zikae juu, tena kabla ya mvua."

Fanueli akamuunga mkono. Yeye alikuwa msemaji mzuri. Alichora njia na mabonde ubaoni, akajibu maswali kwa upole, na mpango ukapita. Walipotoka nje Secilia alimwambia, "Ahsante, shemeji. Peke yangu nisingeweza."

Kwa upande wa Mtae walichagua Kwemhanga, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, hakina zahanati wala gari. Jengo la bati lilikuwa moja tu: duka la ushirika ambalo akina mama walilijenga wenyewe, wakipandisha mawe na mchanga kichwani kutoka mtoni. Lilikuwa bado halijauza hata kiberiti. Secilia alikwenda kuliomba.

Kiongozi wa wale akina mama alikuwa Mwanaisha, mama wa makamo, ambaye pamoja na mumewe Saidi walilima kabichi na karoti za kuuza sokoni Mombo. Mkutano ulikuwa mkali. Wengine walisema serikali ikishaingia kwenye jengo haitoki. Mwanaisha aliwaacha waseme mpaka wakachoka, ndipo akamgeukia Secilia.

"Mwanangu, hivyo vitu vitakaa hapa kweli? Au vitakuja leo, kesho vimeondoka?"

"Vitakaa, mama. Mimi nakuahidi."

"Ofisi siijui. Nakujua wewe, uliyemzalisha binti yangu kwenye mvua. Haya, akina mama, tumpe."

Wakampa. Vitu vikaja: makasha ya dripu, klorini, ndoo, vitanda vya kamba vilivyotobolewa katikati kwa ajili ya wagonjwa wa kuhara. Fanueli mwenyewe alibeba kasha begani kutoka barabarani, akiimba na wanakijiji. Mwanaisha akakabidhiwa ufunguo.

Mvua zilipoanza kukaribia, baba yake Secilia alifariki. Secilia alikwenda Gare kumzika, akakaa na mama yake. Fanueli na Marta walikuja. Fanueli alishuka kaburini kupokea jeneza, akapasua kuni, akawahudumia wazee kama mtoto wa nyumba ile. Secilia alipomuuliza habari za kazini, alimshika bega.

"Kila kitu kipo sawa, shemeji. Usiwaze kazi. Mlilie baba."

Masika yakashuka kwa nguvu. Siku moja asubuhi dereva wa ofisi, Yohane, alifika Gare na Landrova. Kulikuwa na habari kutoka Kwemhanga: watu walikuwa wanatapika na kuhara maji meupe. Secilia alimuaga mama yake, akavaa mabuti, wakaondoka moja kwa moja bila kupitia stoo. Hakuona sababu ya kupitia. Kila kilichohitajika kilikuwa juu.

Barabara ilikuwa imekatika, kama alivyosema. Kilima kizima kilikuwa kimelala njiani pamoja na migomba yake. Yohane akabaki na gari, Secilia akavuka tope kwa miguu, huku akishika mizizi, na moyoni alikuwa karibu na furaha. Mpango wao ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya siku kama hii.

Alimkuta Mwanaisha barazani pa lile duka. Ndani, sakafuni, juu ya majani ya migomba, walilala wagonjwa. Wa kwanza mlangoni alikuwa Saidi. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda mtoni.

"Shikamoo mama. Makasha yako wapi? Vitanda viko wapi?"

Mwanaisha aliendelea kukamua kitambaa cha mgonjwa.

"Mama, dripu ziko wapi?"

"Unaniuliza mimi?" alisema Mwanaisha. "Si ulituma wachukue?"

"Nilimtuma nani?"

"Shemeji yako. Alikuja na gari, akasema, dada Secilia amefiwa, lakini ameagiza vitu vishuke vikakaguliwe, vitarudi. Nikamwambia nataka nikusikie mwenyewe. Akasema, unataka kumsumbua mtu aliye msibani? Nikaona aibu. Nikafungua."

Secilia alitaka kukaa chini palepale, lakini Saidi alikohoa, akatapika, na wale waliokuwa ndani wakageuza macho kumwangalia yeye, nesi aliyekuja mikono mitupu.

Akavua koti. Aliagiza maji yachemshwe katika kila nyumba, chumvi iletwe, na sukari. Sukari ilikuwa adimu mwaka ule; akina mama wakaleta iliyofungwa kwenye vitambaa, waliyoificha kwa ajili ya wageni na watoto. Secilia akachanganya, akaonja isizidi chumvi ya machozi, akawagawia kila mmoja mgonjwa wake. "Kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri kidogo, anza tena." Akaandika maneno machache, akamtuma Juma, mkwe wa Mwanaisha, akimbie hadi kwa Yohane ili dripu zifuatwe mjini.

Wengi iliwasaidia. Walikunywa, wakatapika, wakanywa tena. Saidi hakuweza kumeza. Maji yalimtoka pembeni mwa mdomo, na kila mara Mwanaisha alimpangusa na kumnywesha tena, akimsemesha polepole kwa Kishambaa, akimtajia bustani, akimwambia kabichi zimeanza kufunga. Vijana walipovuka maporomoko na makasha kutoka mjini mabegani, Saidi alikuwa ameshafunikwa shuka. Dripu zile ziliokoa waliokuwa taabani, akiwemo binti yake mwenyewe Mwanaisha.

Secilia alipiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, sikumtuma. Naapa mbele ya Mungu."

"Nimekuamini," Mwanaisha alisema. "Lakini mlango niliufungua kwa jina lako, nesi. Jina lako ndilo lililomuua mume wangu."

Hakusema kwa ukali. Secilia alitamani yule mama angepiga kelele.

Ugonjwa ulipopoa, alishuka mjini akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Fanueli. Marta alikuwa anasonga ugali. Fanueli akasimama kumpokea, akatabasamu, na tabasamu likamfia usoni.

"Kwa nini?" Secilia aliuliza.

"Kaa kwanza, shemeji."

"Sikai. Kwa nini?"

Fanueli akaeleza. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kukagua maandalizi. Kwa barabara ile wasingefika Kwemhanga. Ikabidi ipatikane kambi moja nzuri karibu na mji, yenye vitanda na makasha yaliyopangwa, waione, waridhike. Walikuja, wakaona, wakasifu. Vitu vingerudi. Mvua ikawahi.

"Na pale Gare? Umemzika baba yangu, umenishika bega, ukaniambia kila kitu kipo sawa. Ulikuwa umeshavichukua?"

Fanueli alitazama sakafu. "Nilikuwa nimeshavichukua."

"Na jina langu? Kwa nini hukusema umetumwa na ofisi?"

"Ningesema ofisi, yule mama asingefungua." Alisema hivyo bila hila, kama mtu anayeeleza jinsi alivyovuka mto. "Wanakuamini wewe, Secilia."

Marta aliacha mwiko kwenye sufuria. "Dada, yamepita. Ni mume wangu. Unataka afungwe?"

"Nataka aende juu akawaambie kwa kinywa chake."

Fanueli hakwenda. Kikaoni Secilia alisimama akayasema yote mbele ya watu, bila kupunguza. Wakubwa walimsikiliza, wakampa pole ya msiba wa baba yake, wakasema dharura haikosi kasoro. Mwaka haukuisha, Fanueli akahamishiwa Tanga, kwenye cheo kikubwa zaidi. Marta aliondoka bila kumuaga dada yake.

Secilia alirudi Kwemhanga peke yake. Mkutanoni alisimama akawaambia kilichotokea, akamtaja shemeji yake kwa jina, akasema kama hawataki tena mpango wa ofisi hatawalaumu. Mzee mmoja akasema jengo lirudi kuwa duka. Wengi wakaitikia.

Mwanaisha, akiwa bado katika eda, hakuwa mkutanoni. Alimtuma binti yake na neno: dawa zikae hapo hapo, kwa sababu mvua zitarudi, ila kuanzia sasa makasha yatatoka kwa azimio la kijiji kizima, hata nesi akija mwenyewe kuyaomba.

"Na mimi nakubali," alisema Secilia.

Alipita nyumbani kwa Mwanaisha kumsalimu. Alikaribishwa, akapewa chai isiyo na sukari, wakazungumza habari za mvua na za mjukuu. Ilikuwa heshima anayopewa mgeni, na Secilia aliipokea hivyo, akanywa chai yote.

Tangu hapo kila masika alipanda mwenyewe kuyatazama makasha, nao wanakijiji walisimama naye mlangoni wakimwangalia anavyohesabu. Fanueli alikuwa akituma salamu kutoka Tanga kwa kila mtu aliyepanda mlimani. Waliozileta walimuuliza Secilia wamrudishie jibu gani.

"Mwambieni zimefika," alikuwa akisema, basi.