Jina la Mama Kwenye Kadi

Picha ya kadi iliingia kwenye simu ya Sabra Ijumaa asubuhi, akiwa anapiga pasi sare chumbani kwake, mtaa wa Najma, Doha. Aliisoma, akachomoa pasi kabla hajaunguza kitu.

Ilikuwa kadi ya harusi ya binti yake, Zuleikha. Sabra aliichora mwenyewe, akaandika juu yake: Bi. Sabra Omari na Bw. Hassani Mbarouk wanayo furaha kukualika. Sasa kadi ilisema Bw. Hassani Mbarouk anayo furaha. Peke yake, kana kwamba mtoto alimwokota jalalani.

Furaha ipi? Hassani aliondoka Zuleikha hajaota meno, akaoa Pangani, na tangu hapo ubaba wake ukawa wa Idi kwa Idi. Ada, viatu, dawa za kifua, vyote vilitoka kwa Sabra. Kwanza alichapa barua za watu katika duka lake la steshenari pale Tanga, na stashahada yake ya uhazili ikining'inia ukutani. Baadaye akaja Doha kutandika vitanda vya hoteli kule The Pearl. Na harusi yenyewe hataiona, kwa kuwa hoteli imezuia likizo zote mwezi huo. Mwili hautakuwepo. Alitaka angalau jina liwepo, basi.

Alipiga simu. Zuleikha, ambaye siku hizi ndiye mwenye kukaa dukani, alinong'ona kwamba baba yupo pale pale, anasubiri kadi zichapwe akazigawe msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Akaomba wazungumze baadaye, akakata.

"Baadaye, zikishagawiwa?" Sabra aliiuliza simu.

Phyllis, Mkenya wa kitanda cha pili, alikuwa anafanya kazi za kompyuta katika ofisi moja Abu Hamour. Yeye ndiye aliyemfundisha Sabra kuweka kwenye kompyuta ya dukani programu ya kuifungua kutoka mbali. Ukiwa Doha unaandika namba na neno la siri, kioo cha Tanga kinatokea mbele yako, unakiendesha kama umekaa pale. Ndivyo kadi ilivyochorwa. Phyllis alimtazama usoni, akamsogezea kompyuta yake ya mapajani bila kuuliza.

Programu ilikataa. Kompyuta ya Tanga, ilisema, haipo mtandaoni.

Sabra alijua mara moja. Akampigia mama yake, Bi Hadijah, anayekaa chumba cha nyuma ya duka, mahali kinapokaa kile kisanduku cha intaneti. Bi Hadijah alikiri bila aibu. Amekichomoa tangu alfajiri na kukifunika kitambaa, maana taa zile zikiwaka wakati hakuna mtu anayezitumia, bando linavuja.

"Mama, bando si maji. Chomeka."

"Basi salamu kwanza, mwanangu."

"Shikamoo. Chomeka."

Bi Hadijah alichomeka, huku akilalamika kwamba Uarabuni kumemharibu mtoto adabu. Taa zikawaka moja moja, na kioo cha Tanga kikafunguka Najma. Kadi ilikuwa pale, imeachwa wazi. Sabra aliuburuza mshale hadi juu, akabonyeza, akaandika jina lake.

Jina likafutika, herufi moja moja, kutoka nyuma.

Akaandika tena. Likafutika tena. Mshale ni mmoja na mikono ilikuwa miwili, kila mmoja unauvuta kwake, ukawa unatapatapa kwenye kadi kama nzi ndani ya glasi. Sabra alimtukana Hassani kwa sauti, tusi ambalo Phyllis hakulijua lakini alilielewa. Kisha akatazama vizuri jina linavyofutika. Hassani huandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Mkono huu ulikuwa mwepesi, haukosei. Mkono huu aliufundisha yeye.

Aliandika katikati ya kadi, kwa zile herufi za dhahabu za harusi: NI MIMI MAMA YAKO. UNANIFUTA?

Mshale ulisimama. Jibu likaja chini yake taratibu: Mama naomba. Baba kasema jina lako likiwepo haji kuniozesha.

Phyllis alisoma begani kwake. "Huyo mzee ana madharau, aki."

Baba ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha binti. Akigoma, kadhi yupo, hilo Sabra alilijua. Lakini binti kuozeshwa na kadhi wakati baba yake yu hai, anakunywa kahawa mtaa wa pili? Tanga ingelisema mpaka wajukuu walisikie. Hassani alijua pa kushika, na alishika hapo hapo.

Akaitazama kadi. Juu ilikuwa ndoa, msikitini, baada ya Alasiri. Chini ilikuwa sherehe ya wanawake, ukumbini, usiku. Alizibana pamoja kuokoa karatasi. Wanaume waende kwao, wanawake kwao, na ukumbini mwanamume haingii hata awe nani. Sasa jina la Hassani linatafuta nini kule?

Toa mkono, aliandika. Mshale ukaachiwa.

Akaikata kadi mara mbili. Ya ndoa akampa Hassani yote, jina lake kwa herufi kubwa. Ya sherehe akaandika: Bi. Sabra Omari anayo furaha kukualika. Kisha akapiga simu, akamwambia Zuleikha afungue spika.

"Mama Zule," Hassani alianza, mpole kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake, "mambo ya ndoa tuachie wanaume."

"Nimewaachia. Hiyo ya ndoa ni yako, jina lako liko peke yake, katembee nalo. Ya sherehe ni yangu. Au na wewe unakuja kupakwa hina?"

Nyuma ya simu Bi Hadijah alicheka, akajikohoza. Hassani akasema kadi ni moja na ni yake, na hapa hachapi mtu kitu mpaka yeye aseme.

Sabra alibonyeza.

Printa ya Tanga ilinguruma, ikaanza kutema karatasi.

"Nani kakwambia uchape?"

"Sijagusa, Baba."

"Basi ichomoe!"

Sabra aliikandamiza simu sikioni. Printa ikatema nyingine, na nyingine. Alisubiri isimame. Kama ingesimama, angejua ni mkono wa nani.

"Ukiichomoa katikati inaharibika, Baba," Zuleikha alisema mwishowe. "Na zako ndizo zinazotoka kwanza. Utachelewa swala."

Zikasikika karatasi zikikusanywa kwa hasira, kisha mlango. Printa haikupumzika, ilianza za wanawake.

"Mama," Zuleikha alisema, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena, "umefurahi sasa?"

"Hapana," Sabra alisema. "Ongeza karatasi."