Dakika Kumi za Ijumaa

Mpini wa kuwashia mashine ulikuwa mkononi mwangu, na ng'ombe elfu mbili walikuwa wakilia. Siku ya saba hiyo vumbi limeziba jua la Ferlo, nyika yetu ya wafugaji. Pampu ya sola ilikuwa ikidondosha maji kama pua yenye mafua, na tangi nilipoligonga lilivuma kama debe tupu.

"Washa, Dikel!" wachungaji walipiga kelele. "Unangoja nini, mama wee? Mifugo inakufa!"

Nilikuwa nangoja ujasiri.

Miezi tisa kabla ya hapo kamati ya kisima ilipiga marufuku kuwasha mashine ya dizeli isipokuwa kwa dharura. Jua ni la bure, alisema mwenyekiti wetu, Yoro Diallo; mashine kuunguruma bila kuvuta maji ni anasa. Hakukosea kabisa. Gharama zilishuka, bei ya maji ikapungua, hata mimi nilifurahi. Lakini mashine ile niliiendesha miaka kumi na mmoja, naijua tabia yake: iache ilale, siku ya shida itakugomea. Basi kila Ijumaa, watu wakiwa msikitini kijijini, niliiwasha dakika kumi kwa mafuta ya kamati, kimyakimya.

Yoro akagundua kuwa pipa la mafuta linapungua. Sisi wa ukoo wa Ba na wao kina Diallo ni watani wa jadi. Kila asubuhi aliniita mwizi, nami nikamwita mlafi. Wiki hiyo ya vumbi alichovya kijiti ndani ya pipa, akakitazama, kisha akaniita "Bi Dikel" kwa adabu zote. Mtani akianza kukuheshimu, ujue mambo yameharibika. Kikao cha kunifukuza kazi kiliwekwa Jumatatu, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wanangu wanne.

Sasa mashine ikiwaka mara moja, kila mtu atajua mafuta yalikwenda wapi na nani aliyevunja marufuku. Ningeweza kujifanya nahangaika nayo mpaka alasiri. Ndama mmoja akapiga magoti mbele ya hori kavu. Nikazungusha mpini kwa nguvu zangu zote.

Ikawaka! Mara moja tu, kama iliyozimwa jana! Moshi ukafoka, bomba likatikisika, maji yakarukia horini, ng'ombe wakasukumana, wachungaji wakarusha fimbo juu, nami nikacheka kama mwendawazimu. Kikao na kiwe.

Yoro peke yake hakushangilia. Alinisogelea.

"Mashine iliyolala miezi tisa," alisema.

"Haikulala, Mzee. Kila Ijumaa nilikuwa naiamsha."

Alilitazama pipa, akanitazama mimi, uso ukamfunguka taratibu.

"Mwizi wewe! Mwizi, mtoto wa wezi!"

Machozi yalinitoka. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi."

"Kuanzia sasa fanya nusu saa."

"Kumi zinatosha, Mzee," nilimwambia. "Mafuta ni ya kamati."